Tulivyolifundisha Tuta Kukaa na Njaa

Wengi wenu mlinijua nikiwa na reki mkononi na kitambaa kichwani, na hamkunisikia nikisema mengi. Sasa nimestaafu, niko kijijini Bahati kwenye shamba letu dogo, na hapa hakuna wa kuniambia nirudi kazini nikianza kuongea. Chebet, yule mtaalamu wetu wa mchanga, aliniomba niandike habari za tuta kabla waliokuwepo hawajaisha. Nilimkumbusha kwamba nilisoma mpaka darasa la saba tu. Akasema, "Mama Njeri, hilo tuta liliwahi kukuitisha cheti?" Basi naandika.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, sitagusa. Mambo hayo yana watu wake, na wanayakumbuka vizuri kuliko mimi.

Nilipoanza kazi kwenye shamba la maua pale Naivasha sikuanzia ziwani. Nilianzia ndani ya grinhausi, kwenye maua ya waridi. Siku ya kwanza nilidhani nitapendezwa na harufu ya maua, kumbe mawaridi ya kuuza hayanuki sana. Kinachonuka ni plastiki iliyopigwa na jua, na maji ya mbolea yanayopita kwenye mipira. Msimamizi wangu wa kwanza alinifundisha kusoma jani. Jani la chini likiwa manjano, mmea una njaa hii. Ukingo wa jani ukiwa kama umeungua, una njaa ile. Tulifundishwa kuona njaa kila mahali, na dawa ya njaa ilikuwa moja: kulisha. Ukifanya kazi hiyo kwa miaka huwezi kupita hata penye kichaka cha barabarani bila kukihurumia. Wekeni hilo akilini, maana ndilo lililotuponza baadaye.

Kisha Kamau wangu akafariki. Alikuwa akiugua kifua kwa muda, akaondoka. Wenzangu wa grinhausi walikuwa watu wazuri. Kila asubuhi, kila mstari wa maua niliopita, mtu aliinua kichwa akasema, "Pole, Mama Njeri." Jioni tena, pole. Siwalaumu. Lakini nilifika mahali nikawa nahesabu vichwa kabla ya kuingia mlangoni. Nikaenda ofisini nikaomba nihamishiwe kundi la ziwani. Karani alinitazama kama mtu aliyeomba kufungwa, kwa kuwa kazi ya ziwani ilikuwa ya watu waliogombana na wasimamizi: kufyeka, kuzibua mitaro, kuokota makopo, na viboko juu yake.

Mkuu wa kundi hilo alikuwa Mzee Otieno, mtu mrefu mwenye kofia iliyokuwa nyeusi zamani. Hakuniambia pole. Alinipa panga, akaninyooshea mkono kuelekea majini.

"Mama, kanuni ni moja. Usisimame kati ya kiboko na maji. Hayo mengine utajifunza."

"Na nikijikuta nimesimama hapo?"

"Basi hutakuwa na haja ya kujifunza hayo mengine."

Nilicheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyocheka tangu mazishi, na yeye hakujua, au alijua akanyamaza. Huyo ndiye mwalimu wangu. Tulimzika mwaka huu kwao, na sehemu ya sababu ya kuandika haya ni hiyo.

Sasa niwaeleze tuta, kwa wale wageni mlioajiriwa juzi mkalikuta limekaa tu. Kati ya ziwa na nyumba za wafanyakazi pana mgongo mrefu wa mchanga wa rangi ya jivu. Ziwa lililiacha zamani lilipokuwa limepanda kupita sasa, kisha likarudi chini. Nilipofika, juu yake palikuwa na mimea midogo ya kukatisha tamaa: nyasi ngumu nyembamba kama sindano, ndago fupi, na mmea mmoja wa kutambaa wenye maua madogo ya zambarau ambayo huwezi kuyaona mpaka uiname. Kati ya mmea na mmea uliona mchanga. Mtu wa grinhausi akitazama pale, moyo unamuuma. Ilikuwa kama kuona watoto waliokosa chakula.

Basi tukalilisha. Sisi sote, kwa moyo safi. Mbolea iliyoganda kwenye magunia, ambayo grinhausi haikuitaka tena, tulipewa tukaisambaza. Matawi ya waridi yaliyooza tulibeba kwa mikokoteni tukayatandaza juu ya mchanga. Pia palikuwa na mtaro wa maji machafu ya grinhausi uliopita ubavuni mwa tuta, umepasuka sehemu mbili tatu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuziba, kwa sababu tuliona kando yake panavyostawi.

Mvua iliyofuata ilitupa zawadi. Tuta liligeuka kijani. Terere, yaani mchicha mwitu, lilifika kiunoni. Managu, bangi mwitu, kishona nguo, na thabai, yale majani yanayowasha, yakasimama kifuani kama askari. Wageni wa kampuni waliletwa kupiga picha. Akina mama walichuma thabai wakachanganya na mukimo, ule mseto wetu wa viazi na mahindi ya kuponda, na Mzee Otieno, ambaye kwao hawali thabai, alionja akasema sasa anaelewa kwa nini Wakikuyu wana hasira. Tulijisifu msimu mzima.

Kisha kiangazi kikaja. Yale marefu yote yakakauka kwa pamoja, yakalala chini. Tulipoyaondoa tukatafuta nyasi zetu za sindano chini yake. Hazikuwepo. Zilikuwa zimekosa jua zikafa kimyakimya, na mizizi yao mirefu iliyokuwa imeshika mchanga ikafa nayo. Upepo wa ziwani ulipoanza alasiri, tuta lilifunguka kama gunia lililotoboka. Mchanga uliingia kwenye uji. Uliingia kwenye magodoro ya watoto pale chumba cha kulelea. Akina mama walifua nguo wakaanika, wakaanua zikiwa chafu kuliko walivyozianika.

Meneja alikuja na wasaidizi wake, akasimama juu ya tuta mkono machoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kiangazi kijacho kikifika na mchanga bado unaruka, ataleta trekta, atalisawazisha tuta lote, amwage mawe, na aongeze grinhausi nyingine hapo juu. Kundi letu halitahitajika tena. "Si adhabu," akasema. "Watoto hawawezi kula mchanga."

Wenzangu waliwaza kazi. Mimi niliwaza kazi pia, lakini niseme ukweli: niliwaza zaidi pale mahali penyewe. Pale ndipo nilipoweza kupitisha siku nzima bila mtu kunihurumia. Wakinirudisha ndani ya plastiki, sikujua ningekuwa mtu wa aina gani.

Chebet aliletwa wakati huo. Ametoka chuo kikuu, msichana wa Kabarnet, buti zake mpya zikipiga kelele. Mzee Otieno akatangaza, "Daktari wa mchanga amefika, pangeni foleni." Yeye akapiga magoti, akachimba kwa mkono, akatuonyesha: juu, udongo mweusi unaonata, unaonuka kama mboji, chini yake, mchanga wa jivu, mkavu na safi.

"Mzee, mnadhani huu mchanga una njaa?"

"Mchanga wowote una njaa, binti yangu."

"Huu umeshiba. Umeshiba mpaka umevimbiwa."

Otieno akacheka, akatutazama ili tucheke naye. Tukacheka. Chebet akangoja tumalize. Halafu akatueleza bila kiburi, akichora mchangani kwa kijiti. Ile mimea midogo haikuwa maskini kwa sababu ya kukosa chakula. Iliishi pale kwa sababu chakula hakipo. Njaa ndiyo ilikuwa ukuta wake. Terere na thabai haviwezi kuvuka ukuta huo. Sisi tukaubomoa kwa magunia ya mbolea na maji ya mtaro, wale wakubwa wakaingia, wakasimama juu ya wadogo, wakawazibia jua. Tukitaka wadogo warudi, turudishe njaa.

Kuwaambia watu wa maua wasababishe njaa ni kama kumwambia mpishi asiweke chumvi hata kidogo maisha yake yote. Mzee Otieno hakukubali siku hiyo. Alisema atafyeka ubavu mmoja kwa njia yake, aache majani yafunike ardhi, maana ndivyo baba yake alivyotunza shamba. Chebet afyeke ubavu wa pili, abebe kila jani. Atakayeshindwa awapikie kundi zima githeri, mahindi na maharagwe.

Kwanza kabisa tuliziba mtaro. Bila hilo, mengine yote yangekuwa mchezo wa watoto. Maji ya grinhausi tukayageuza yaingie kwenye bwawa ambalo tulilichimba kando, tukalipanda mafunjo ili yanywe mbolea kabla maji hayajafika ziwani. Mkipanda mafunjo, msikate shina mkalichomeka, litaoza. Chimbueni kipande cha mzizi chenye chipukizi, mkizike kwenye tope maji yakiwa magotini. Na mvae viatu, hata kama Otieno alikuwa akienda pekupeku. Nyayo zake zilikuwa za aina yake.

Baada ya mvua fupi matokeo ya githeri yalionekana. Ubavu wa Otieno, terere lilirudi nene kuliko kwanza, likila mabaki ya ndugu zake. Ubavu wa Chebet lilikuwa jembamba, la kusitasita. Mzee alizunguka pande zote mbili, mikono nyuma, akazunguka tena. Kesho yake alikuja na sufuria kubwa. Alikuwa amepika mwenyewe, na mahindi hayakuiva vizuri, lakini tulikula.

Hapo ndipo tulipogonga ukuta ambao Chebet hakusomea. Kufyeka tuliweza, lakini hayo majani tungeyapeleka wapi? Mnajua sheria ya geti. Kila anayetoka anapekuliwa, kwa sababu watu walikuwa wakitoka na maua, wengine na mbolea. Hakuna kinachovuka, hata jani. Basi tulirundika, na rundo likawa kama nyumba. Mvua iliponyesha, maji meusi yakatiririka kutoka kwenye rundo yakarudi kwenye tuta. Tulikuwa tunalinyima chakula mchana, mvua inalilisha. Chebet aliandikia ofisi. Ofisi ilikuwa na mambo mengine.

Askari wa geti alikuwa Barasa, mtu wa kupekua mpaka kofia. Alikaa Karagita kama mimi wakati huo, mtaa wa vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango. Kila jioni nilimwona mke wake akirudi na mzigo wa nyasi kichwani, ametoka kuzikata kando ya barabara mbali kule, maana karibu zilikwisha. Akina mama wengi wa Karagita wana mbuzi wawili watatu, sungura, na hawana hata mkono mmoja wa malisho. Jambo hilo nililiona kila siku kwa muda mrefu bila kuliunganisha na rundo letu. Siku nilipoliunganisha nilimwambia Mzee Otieno, naye akavaa kofia akaenda getini. Nikamfuata.

"Barasa, mbuzi zako zinakula nini siku hizi?"

"Zinakula maneno ya mke wangu, mzee. Kila siku ananiuliza mimi ni askari wa nini, nalinda majani yanaoza na mbuzi zake zinalia."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia sheria ni sheria."

"Anasemaje?"

Barasa akatazama pembeni. "Anasema nikakamue sheria nipate maziwa."

Tulicheka mpaka dereva wa lori akapiga honi. Lakini Barasa hakuwa anacheka sana. Akasema, "Nikifungua geti kwa nyasi, kesho ndani ya mzigo kuna maua, na kesho kutwa mimi sina kazi." Nikamwambia, mzigo si lazima upite ukiwa umefungwa. Ufunguliwe mbele yako, upigwe, ukung'utwe, ufungwe tena. Ua la waridi halijifichi ndani ya majani yaliyokung'utwa. Alifikiri. Halafu akaenda kwa meneja mwenyewe, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema hapana, akaomba ndiyo. Nadhani meneja alikubali kwa mshangao.

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri akina mama wa Karagita waliingia na panga na kamba. Mpaka leo mnawaona. Ile desturi ya kukung'uta mizigo getini, ambayo vijana mnaicheka, ilianzia hapo. Na msiache sharti tulilopewa na daktari wa mifugo tuliyemuuliza: terere lililonenepa kwa mbolea linaweza kumdhuru mbuzi akilila peke yake. Linyaushwe, lichanganywe na nyasi kavu, na lisipewe mnyama mwenye njaa kali. Mama Barasa ndiye aliyewasimamia wenzake kwa hilo, na alikuwa mkali kuliko mumewe. Na fyekeni kabla maua hayajawa mbegu. Ukichelewa wiki moja umepanda shamba la mwaka ujao.

Palipokuwa pabaya zaidi, kando ya mtaro wa zamani, kufyeka hakukutosha. Chebet akasema lile tabaka jeusi litolewe lote mpaka tuone jivu. Tukakwangua. Udongo ule akina mama waliugombania. Ulikwenda Karagita kujaza magunia ya sukuma wiki yanayowekwa nje ya milango. Sisi tukabaki na mchanga mtupu. Ndiyo siku niliyoogopa. Tulikuwa tumetumia mwaka karibu mzima, na tulichokuwa nacho cha kuonyesha ni uchi. Tulichomeka mabua makavu ya mafunjo kwa safu fupi ili yavunje upepo, tukachukua vipande vya nyasi za sindano kutoka ncha ya mbali ambayo mikokoteni yetu ya mbolea haikuwahi kufika, tukavipanda kimoja kimoja. Bila mbolea. Mkono wangu ulitaka kuweka japo kidogo. Otieno aliniona nikitazama gunia lililokuwa pembeni, akalikalia.

Mvua ilikuja haba. Wiki zikapita, mchanga ukabaki mchanga. Watu wa grinhausi walipita wakiuliza kama tumepanda mawe. Chebet aliacha kula mchana. Alisema hana njaa, Otieno akamwambia hilo tuta linamfundisha tabia mbaya. Asubuhi moja mzee akapiga mluzi kutoka upande wa juu. Tulimkuta amepiga magoti, kofia ameivua. Mbele yake palikuwa na kamba ya kijani nyembamba kama uzi wa kushonea, imetambaa mchangani, na ina ua moja la zambarau dogo kuliko kifungo cha shati. Hatukulipanda hilo. Mbegu ilikuwa imelala humo chini muda wote ikingoja tumalize ukarimu wetu.

Baada ya lile moja yalikuja mengine. Ndago ikafuata. Nyasi za sindano zikashika, zikapeleka mizizi chini kutafuta, maana juu hapakuwa na cha bure. Terere lilijaribu huku na huku, likatoka jembamba, la manjano. Nililitazama lile jani la manjano, mimi niliyefundishwa kuona njaa, nikafurahi.

Kiangazi kikafika, na trekta ikaja nacho. Meneja alikuwa amesema na alikuwa mtu wa neno lake. Ilikuwa Jumamosi alasiri, upepo wa ziwani umeanza, akina mama wa Karagita wako ubavuni wanafunga mizigo, na trekta inanguruma chini ya tuta, bapa la kusukumia udongo mbele. Meneja akapanda juu. Sisi tukasimama nyuma yake kama watu walio mahakamani. Chebet alishika mkono wangu.

Upepo ulivuma. Nyasi zikalala, zikainuka. Meneja aliinama akaweka kiganja karibu na ardhi, upande unakotoka upepo, akangoja. Akahamia kwingine, akaweka tena. Kisha akageuka akatazama nyumba za wafanyakazi. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba zote, nyingine shuka nyeupe, zikipigapiga na upepo. Aliziangalia shuka hizo kwa muda mrefu. Halafu akamwita dereva.

"Rudisha trekta."

"Boss, kwa hivyo hatulimi?"

"Hatulimi."

"Hata kidogo huku mwisho? Nimekuja na dizeli yote."

"Nimesema rudisha."

Mzee Otieno akamwambia dereva, "Kijana, dizeli haiozi."

Mama Barasa akatupa mzigo wake chini. "Mama Njeri, huyu mtoto wetu wa mchanga anapigiwa ngemi ngapi, vile vigelegele vya kuzaliwa? Si ninyi Wakikuyu ndio mnajua? Tano za mvulana ama tatu za msichana?"

Mmoja akasema ni mvulana, amesimama imara. Mwingine akasema mvulana gani anayeishi kwa kula kidogo hivyo, huyo ni msichana. Chebet alikuwa anacheka na analia. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kati ya wanawake waliokuwepo.

Sikuwa nimepiga ngemi tangu nimzike Kamau. Niliifungua ya kwanza, ikatoka imekwaruza. Ya pili ikatoka vizuri. Ya tatu wakaipokea wote, tuta zima, na chini kwenye nyumba wanawake wengine wakatoka milangoni wakaijibu bila kujua nani amezaa. Tukafika tano, nikadhani tutanyamaza. Mama Barasa akapiga ya sita, na hapo hakuna aliyehesabu tena, na dereva wa trekta akazima injini ili asikie vizuri.